Rwagasore: Mtu wa watu aliyeanzia kwa wachuuzi wa Buyenzi

KILA inapofika Oktoba 13, ofisi na shule za Burundi hufungwa, viongozi hupanda kilima cha Vugizo mjini Bujumbura kuweka mashada ya maua, na redio huzungumza kutwa nzima juu ya mtu mmoja. Huku kwetu Kabonga, mpakani, wachuuzi wanaosubiri boti za kwenda Kagunga na Kigoma nao humzungumza, hata kama hakuna aliyeyaanzisha mazungumzo hayo kwa makusudi.

Mtu huyo ni Louis Rwagasore, mtoto wa Mwami Mwambutsa, aliyeuawa mwaka 1961 akiwa na umri wa miaka 29. Ni nadra sana kumsikia Mrundi akimsema vibaya. Aliyekimbia mwaka 1972 anampenda. Aliyebaki nchini anampenda. Vyama ambavyo vimepigana, tena si kwa maneno tu, vyote humwita baba. Katika nchi ambayo haikupata kukubaliana juu ya mambo mengi, hili ni jambo la kustaajabisha, na linafaa kuulizwa: mtu huyu alipendwa kwa nini, na na nani kwanza?

Wapo wanaojibu haraka kwamba alipendwa kwa kuwa alikuwa mwana wa mfalme. Wengine husema ni kwa sababu alikufa mapema, kabla hajapata nafasi ya kutuudhi. Majibu yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini yote mawili yanaruka sehemu ya maisha yake ambayo sisi watu wa biashara ya mpakani tungeielewa kuliko wasomi wa Bujumbura. Sehemu hiyo ni habari ya duka, mkopo na deni.

Rwagasore alizaliwa Gitega mnamo Januari 10, 1932. Mama yake aliitwa Thérèse Kanyonga. Baba yake alikuwa ametawazwa mwaka 1915 akiwa mtoto mdogo, na alikuwa hajawahi kumwomba mtu yeyote kura. Mwami hakuwa na haja ya kutafuta kupendwa. Watu walimheshimu kama wanavyoheshimu mvua. Kijana angeweza kabisa kukaa chini ya mwavuli huo maisha yake yote, na ndugu zake wengi wa ukoo wa kifalme, Waganwa, ndivyo walivyofanya.

Alisoma shule za misheni, kisha akapelekwa Astrida, mji ambao leo ni Huye nchini Rwanda, katika shule ile ambako Wabelgiji waliwaandaa watoto wa machifu kuwa makarani na watawala wadogo. Miaka ya mwanzo ya 1950 akaenda Ubelgiji, akasoma Antwerp na baadaye kwa muda mfupi Leuven. Hakurudi na shahada za kutisha. Aliporejea nyumbani mwishoni mwa mwaka 1956 alikuwa kijana anayejulikana na kila mtu, ila kazi yake mwenyewe ilikuwa bado haijaonekana.

Hapa ndugu msomaji naomba tutofautishe mambo mawili ambayo katika mazungumzo yetu huchanganywa. Kuna kujulikana na kuna kupendwa. Mtoto wa mfalme hujulikana tangu anapotoka tumboni. Mwenye boti kubwa hapa Kabonga hujulikana. Hata tapeli aliyewahi kuwaliza watu hujulikana, tena kuliko wote. Lakini siku boti ya mwenye boti inapozama na mzigo wote, ndipo utakapojua ni nani atakayempa mzigo mwingine kwa mali kauli, bila fedha mkononi, kwa neno lake tu.

Rwagasore alikuwa na miezi michache tu nchini alipoanza kwenda Buyenzi. Wasioijua Usumbura ya zamani wanapaswa kuelezwa kwamba Buyenzi ulikuwa mtaa wa Waswahili, watu ambao asili zao zilikuwa Ujiji, Manyema, na kila bandari ya ziwa hili, pamoja na Warundi waliojiunga nao kwa dini, kwa ndoa au kwa biashara. Ndugu zao walikuwa Rumonge na Nyanza-Lac, na wako hadi leo. Katika Kirundi neno Mswahili halikuwa sifa. Lilimaanisha mjanja, mtu asiye na shamba wala ng'ombe, mtu ambaye neno lake lina pande mbili. Wabelgiji nao hawakuwapenda, kwa kuwa walikuwa Waislamu, hawakuwa chini ya chifu yeyote, na habari za ng'ambo ya ziwa ziliwafikia mapema kuliko zilivyomfikia karani wa serikali.

Na walikuwa na tatizo moja kubwa. Biashara ya kuingiza na kutoa bidhaa ilikuwa mikononi mwa makampuni ya Wazungu, na chini yao Wagiriki, Wahindi na Waarabu. Mchuuzi Mwafrika alinunua mwishoni mwa mnyororo, kwa bei iliyokwisha pandishwa mara tatu au nne, na hakuwa na benki ya kumkopesha. Wasomaji wanaovuka na vitenge au ndagala wanaijua hali hiyo bila kuhitaji mwalimu wa kuwaeleza.

Mwezi Juni 1957 Rwagasore akaanzisha pamoja nao ushirika wa wafanyabiashara wa Burundi, uliojulikana kwa herufi CCB. Nia ilikuwa wachuuzi waungane, wanunue kwa pamoja, wapate mikopo, na wasiendelee kuwa watu wa kupewa makombo. Mwana wa Mwami akawa anaketi na wauza vitambaa na wauza mafuta, anajadili bei. Kwa watu wa nyumba yake hilo lilikuwa jambo la aibu kidogo. Kwa watu wa Buyenzi lilikuwa jambo ambalo hawajawahi kuliona.

Ushirika haukufanikiwa. Hili husemwa kwa haraka sana katika hotuba za Oktoba, au halisemwi kabisa, nami naona si haki kulificha. Mtaji ulikuwa mdogo, uendeshaji ulikuwa dhaifu, madeni yakalimbikizana, na watawala wa Kibelgiji ambao tangu mwanzo waliutazama kwa jicho baya hawakuwa na haraka ya kuuokoa. Rwagasore alihangaika kutafuta fedha, hata nje ya nchi. Kila anayefanya biashara anajua jinsi mtu anavyopungua machoni mwa watu deni linapomshika. Simu hazipokelewi, salamu zinakuwa fupi.

Wabelgiji walitarajia hivyo hivyo. Walidhani kijana ameonekana alivyo, mtoto wa ikulu anayecheza na fedha za watu, na kwamba wachuuzi watamkimbia. Hawakumkimbia. Watu wa Buyenzi, wa Rumonge na wa miji mingine yenye Waswahili ndio waliokuwa miongoni mwa wafuasi wa kwanza na wakali kabisa wa chama alichokijenga baadaye. Walikuwa wamepoteza fedha, lakini walikuwa wamemwona mtu akipoteza pamoja nao. Mimi naamini hapa ndipo umaarufu wake ulipotoka kwenye kujulikana ukaingia kwenye kupendwa, na ulifika huko kwa njia ya hasara. Anayependwa kwa sababu ya faida hupendwa mpaka siku faida inapokwisha.

Watawala wakajaribu njia nyingine. Mwaka 1959 akapewa uchifu wa Butanyerera, huko kaskazini upande wa Ngozi, mbali na Usumbura na mbali na wachuuzi wake. Cheo kilikuwa halali yake kwa kuzaliwa, na wengine wangekaa humo wakanenepa. Mwaka huohuo alimwoa Marie-Rose Ntamikevyo, msichana wa familia ya Kihutu, na ndoa hiyo nayo ilisema jambo katika nchi ambako mambo hayo huhesabiwa. Butanyerera hakukaa sana.

Chama chake kilikuwa UPRONA, umoja kwa ajili ya maendeleo ya taifa. Kilianza kuchipua mwishoni mwa miaka ya 1950 na kikakubaliwa rasmi mwaka 1960. Mle ndani walikuwamo Waganwa, Watutsi na Wahutu. Paul Mirerekano na Pierre Ngendandumwe, wote Wahutu, walikuwa miongoni mwa watu wake wakubwa. Kilitaka uhuru upesi, na kilitaka Mwami abaki kama alama ya nchi. Upande wa pili kilikuwepo chama cha PDC, kilichoongozwa na watoto wa chifu mkubwa Baranyanka, yaani Jean-Baptiste Ntidendereza na Joseph Biroli. Hao nao walikuwa Waganwa, wa tawi la Wabatare, wakati Rwagasore alitoka katika tawi la Wabezi. Ushindani wa matawi hayo ulikuwa wa zamani. Wabelgiji waliwapendelea watu wa PDC, waliokuwa wasomi, wapole kwa mkoloni, wasio na haraka ya uhuru.

Ng'ambo ya ziwa mambo yalikuwa yakichemka. TANU ya Nyerere ilikuwa inaelekea kuchukua nchi, na Rwagasore alikuwa na uhusiano wa karibu na watu hao, wakamsaidia. Upande wa magharibi alikuwepo Lumumba. Kwa Wabelgiji, kijana aliyewajua watu hao wawili alikuwa tayari mkomunisti, ingawa kijana mwenyewe alikuwa Mkatoliki na mtetezi wa kiti cha kifalme.

Katika mkutano wa Brussels wa mwaka 1960, ikaamuliwa kwamba ndugu wa karibu wa Mwami wasishike nafasi za kisiasa. Uamuzi haukutaja jina, lakini kila mtu alijua umeshonwa kwa kipimo cha nani. UPRONA ikamwita mshauri, na kazi ikaendelea. Rwagasore akawahimiza watu wasusie maduka ya wakoloni na wasilipe kodi. Hapo ndipo watawala walipomkamata. Oktoba 27, 1960 akawekwa kizuizini Bururi, kule juu milimani nyuma ya Rumonge, na hakuachiliwa mpaka Desemba 9, uchaguzi wa mitaa ulipokuwa umekwisha.

Matokeo ya uchaguzi huo yanapaswa kukumbukwa na kila anayedhani kupendwa kunatosha. Kati ya viti 2,876, PDC ilipata 942 na UPRONA 545 tu. Mtu aliyependwa kuliko wote alishindwa vibaya, kwa sababu alikuwa amefungiwa mlango, na kwa sababu upendo wa watu usipopata mtu wa kuupeleka kwenye sanduku la kura hubaki sokoni na kwenye vilabu vya pombe. Wakoloni wakafurahi. Wakaandika kwao kwamba suala la Rwagasore limekwisha. Januari 1961 ikaundwa serikali ya muda ambamo Ntidendereza alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Mwezi huohuo Lumumba akauawa Katanga.

Sasa msomaji jiulize, miezi kumi inaweza kubadilisha nini? Umoja wa Mataifa, ambao ndio uliokuwa umewapa Wabelgiji dhamana ya nchi hii, uliingilia kati, ukataka uchaguzi wa bunge uwe huru na Rwagasore aruhusiwe. Akatoka, akazunguka. Wachuuzi ambao miaka minne nyuma walikuwa wanachama wa ushirika uliofilisika wakawa ndio wapeleka habari wa chama, maana mchuuzi hufika mahali ambapo gari la serikali halifiki, na huingia mpaka jikoni. Wanawake wa UPRONA walifanya kampeni kwa nguvu. Na jina la Mwami lilisaidia, tusijidanganye; mkulima wa milimani ambaye hakujua CCB ni kitu gani alimjua mwana wa Mwami.

Septemba 18, 1961 watu wakapiga kura. UPRONA ilipata zaidi ya asilimia 80, na viti 58 kati ya 64.

Baada ya ushindi huo Rwagasore aliwahutubia wananchi, na hotuba hiyo bado hurudiwa kila mwaka. Sitaiweka hapa neno kwa neno. Wasomaji wengi wanaijua. Maana yake ni kwamba aliwataka wafuasi watulie wasiwadhihaki walioshindwa, na akawaambia wananchi kwamba watamhukumu kwa matendo yake. Hilo la pili ndilo linalonivutia zaidi. Mtu aliyepata asilimia 80 angeweza kudai kwamba watu wamekwisha mhukumu na wamemkubali. Yeye aliichukua kura kama mchuuzi anavyochukua mali kauli. Mzigo umepewa, fedha bado hujalipa.

Septemba 28 akawa Waziri Mkuu.

Usiku wa Oktoba 13 alikuwa akila chakula na wenzake katika mgahawa wa Hoteli Tanganyika, kando ya ziwa, mjini Usumbura. Hakuwa amezungukwa na askari. Jean Kageorgis, Mgiriki mkazi wa mji huo, akampiga risasi kutoka gizani. Serikali yake ilikuwa na siku 15. Tanganyika ilipata uhuru wake Desemba 9 mwaka huohuo, na rafiki yake wa Burundi hakuiona siku hiyo.

Kesi ilionyesha kwamba nyuma ya Kageorgis walikuwepo viongozi wa PDC walioshindwa uchaguzi. Kageorgis aliuawa kwa hukumu ya mahakama Juni 30, 1962, siku moja kabla ya uhuru. Baada ya uhuru kesi ilirudiwa, na Januari 1963 watu watano wakanyongwa Gitega hadharani, wakiwemo Ntidendereza, Biroli na mfanyabiashara Mgiriki Michel Iatrou. Kuhusu mkono wa Wabelgiji wenyewe, maneno hayajaisha. Oktoba 2018 serikali ya Burundi iliishutumu rasmi Ubelgiji, na mwaka 2021 mwandishi Mbelgiji Ludo De Witte alitoa kitabu kizima kinachowanyooshea kidole maofisa wa ukoloni.

Ukiangalia kwa utulivu, kilichomuua ni ile asilimia 80. Angeshinda kwa kura chache, wapinzani wangesubiri uchaguzi mwingine. Ushindi ule uliwaonyesha kwamba hakuna njia ya kawaida ya kumwondoa. Miaka 32 baadaye, Melchior Ndadaye naye alichaguliwa kwa kura nyingi mwezi Juni na kuuawa mwezi Oktoba. Noti ya faranga 10,000 iliyotoka mwaka 2004 iliwaweka wawili hao pamoja, na kwa miaka mingi wafanyabiashara wa hapa waliwahesabu wakiwa wamefungwa kwa mpira mmoja.

Makala nyingi kuhusu Rwagasore huishia hapo, kwenye kaburi la Vugizo. Kwa wasomaji wa ukanda huu wa ziwa, ambao wengi wetu ni wahungutse, watu tuliorudi, kuishia hapo ni kuacha nusu ya habari. Kupendwa kwake hakukufa naye. Kulibaki kama duka ambalo mwenyewe amefariki na hakuandika wasia, na kila mwenye nguvu akaingia akachukua alichotaka.

Chama kiligawanyika mara moja. Hakuna aliyeweza kukaa kwenye kiti chake bila wengine kunung'unika. Vijana wa UPRONA walikuwa wamejipa jina lake, Vijana Wazalendo wa Rwagasore. Januari 1962, hata miezi minne haijapita tangu azikwe, vijana hao waliingia Kamenge wakawaua viongozi kadhaa Wahutu wa vyama vya wafanyakazi na wa chama cha PP. Walifanya hivyo kwa jina la mtu aliyemwoa binti wa Kihutu na aliyewataka wafuasi wake wasiwadhihaki walioshindwa. Ngendandumwe akauawa Januari 1965 akiwa Waziri Mkuu. Mirerekano akauawa mwaka huohuo. Novemba 28, 1966 Kapteni Micombero akaufuta ufalme ambao Rwagasore aliutetea, akaifanya UPRONA chama pekee, na picha ya Rwagasore ikabaki ukutani kuliko wakati wowote.

Kisha ukaja mwaka 1972. Aprili 29 waasi walianza mashambulizi hapa kwetu, kutoka Rumonge hadi Nyanza-Lac, na Watutsi wengi waliuawa katika siku hizo za kwanza, watu wasio na kosa. Hilo lisifichwe. Kilichofuata kilikuwa msako wa nchi nzima dhidi ya Wahutu, hasa waliosoma: walimu, wanafunzi, wauguzi, makarani, wafanyabiashara. Makadirio ya wanahistoria huanzia watu 100,000 na kupanda. Pamoja na jeshi, waliokuwa wakiweka vizuizi barabarani na kuonyesha nyumba walikuwa vijana wa chama, ambao wakati huo waliitwa Vijana Wanamapinduzi wa Rwagasore. Jina lake lilikuwa limefungwa kwenye mikono ya watu waliowawinda baba zetu.

Mimi nilizaliwa ng'ambo, katika makazi ya wakimbizi mkoani Rukwa, kabla hayajaitwa ya Katavi. Shuleni tulisoma habari za Mkwawa na Kinjeketile, na picha ya Nyerere ilikuwa juu ya ubao. Rwagasore hakuwemo kitabuni. Tulimsikia usiku, kwa wazee, na kilichonishangaza tangu utoto ni kwamba wazee wale, waliokimbia vijana waliobeba jina lake, walimtaja kwa upole. Hawakumchanganya na waliomvaa. Mzee mmoja aliyekuwa mchuuzi wa mafuta ya mawese Rumonge kabla ya kukimbia alikuwa na desturi ya kueleza kwamba mwana wa Mwami hakuwa na haya ya kukaa kwenye gunia. Hakueleza siasa yake. Hakujua ilani ya chama. Gunia lilimtosha.

Tuliporudi mwaka 2008 nikakuta upande wa pili wa jambo hilohilo. Watu waliobaki nchini, ambao wakati wa Micombero walilazimishwa kumwimba Rwagasore kila Oktoba, nao walimpenda, lakini kwa namna ya mtu aliyeshiba wimbo. Na vyama vya sasa, kila kimoja, humtaja ili kionekane ni mrithi. Upendo wa kuamrishwa na upendo wa wazee wa makazini vilikuwa vinatumia jina moja, na mtu akiwa hana masikio mazuri asingevitofautisha. Serikali nazo hupima kwa namna zao. Mwaka 2019 uwanja wa mpira wa Bujumbura uliokuwa ukiitwa kwa jina lake ulibadilishwa ukaitwa Intwari, yaani shujaa, na watu wengi mjini wakalalamika. Sikusikia watu wa Kabonga wakilalamika. Hawakuwa wamempendea uwanja.

Kuna wanaosema, na nimewasikia hata miongoni mwa walimu wenzangu, kwamba kama angeishi angechakaa kama wengine. Huenda. Siku 15 hazitoshi kumjua Waziri Mkuu, na mimi siwezi kuapa kwamba angekuwa bora kuliko waliomfuata. Wenye hoja hiyo husahau tu kwamba kuna mtihani mmoja alioufanya kabla ya kura, nao hakuufaulu kwa fedha. Ushirika ulianguka mbele ya macho ya watu, madeni yakajulikana, na bado wale waliokuwa na haki ya kumkasirikia walimfuata. Katika biashara ya ziwa hili nimewaona watu wengi wakipata wafuasi kwa kushinda. Wanaobaki na watu baada ya kushindwa nawahesabu kwa vidole.

Mwaka 2025 mikoa ya Burundi ilipunguzwa kutoka 18 hadi 5, na ule wa kaskazini ukapewa jina la Butanyerera. Wanafunzi wangu sasa huchora ramani hiyo mpya daftarini, Kabonga chini kabisa kwenye pembe ya ziwa. Wanapofika juu kuandika Butanyerera huwaambia kwamba huko ndiko Rwagasore alikopewa uchifu mwaka 1959, akauacha akarudi Usumbura, ambako bado alikuwa anadaiwa.